Siasa darasani: tumfundishe mtoto, au tumwachie redio na mikutano ya kampeni?

#1 · Chaki_Arua (mleta mada)

Wadau, salaam kwenu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Elimu ya Siasa hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka wa kumi na moja huu nashika chaki. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, nimeona nilimwage hapa kwa wenye watoto na kwa walimu wenzangu.

Niliwapa S.3, yaani kidato cha tatu, kazi ya nyumbani ya ukurasa mmoja. Chukua ahadi moja kwenye ilani ya chama kimoja, na ahadi moja ya chama kingine juu ya jambo lilelile, iwe shule, barabara au bei ya mazao. Ziweke pamoja, kisha andika swali ambalo ungemuuliza kila mgombea. Basi. Kesho yake, hata paredi haijaanza, mkuu wa shule akaniita. Mzazi amepiga simu alfajiri akisema mwalimu anaingiza watoto kwenye chama. Chama gani? Mzazi hakusema, na mkuu hakuuliza. Nikaambiwa: "Mwalimu, fundisha yaliyomo kitabuni, haya mengine waachie wenyewe." Nikarudi darasani nikakusanya karatasi zile bila kuzisahihisha. Ziko kwenye droo yangu mpaka leo, hamsini na nane.

Sasa nauliza, jina la somo lenyewe ni lipi? Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza Februari 2020, somo hili si historia tupu. Ni Historia na Elimu ya Siasa, na ni la lazima kuanzia S.1 hadi S.4, sawa na Hisabati. Na kabla ya mtaala huo ipo Katiba ya 1995. Ibara ya 4 inaitaka serikali iwafahamishe wananchi Katiba yao: itafsiriwe katika lugha za Uganda, isambazwe kwa upana iwezekanavyo, na ifundishwe katika taasisi zote za elimu na katika vyuo vya mafunzo ya majeshi. Zote. Kwa hiyo mwalimu anayefungua Katiba darasani hajavuka mpaka wowote. Anatimiza alichoagizwa miaka mingi iliyopita.

Naelewa hofu ya wazazi, nitairudia. Lakini kusema "tusilete siasa shuleni" ni kama kusema tusilete mvua Arua. Imeshafika. Mtoto huyu ameamka na redio ya jirani inayotukana upande mmoja hadi jioni. Amevaa fulana ya mgombea kwa sababu ndiyo nguo mpya pekee aliyopata mwaka ule. Amemwona mjomba wake akipewa sabuni na chumvi usiku wa kuamkia kura. Yote hayo ni masomo, na mwanafunzi hana nafasi ya kunyoosha mkono. Darasani ndipo mahali pekee ambapo angeweza kuuliza, na ndipo hapo tunapomwambia nyamaza.

Nitawaeleza ninavyofundisha ili mnipime kwa kitu mnachokiona. Mwaka jana S.2 yangu ilikuwa na watoto 74. Siku ya somo la uchaguzi niliwatoa nje, chini ya mwembe. Wagombea watatu wa ukiranja wa usafi wakasema dakika mbili kila mmoja. Nikawaambia kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, kama wazazi wao walivyofanya kwenye uchaguzi wa LC I, baraza la kijiji, tarehe 10 Julai 2018. Vumbi likatimka. Kijana mrefu ambaye ndiye hupanga timu ya mpira alipata 41. Msichana mmoja mpole akapata 22, na wa tatu 11, wagombea wakijihesabu wenyewe.

Tukarudi ndani. Nikakata karatasi za daftari, nikatoboa boksi la sabuni, na kila mtoto akaenda peke yake nyuma ya kabati kuandika jina. Watoto walewale, wagombea walewale, saa moja haijapita. Kijana 23. Msichana 38. Wa tatu 12. Karatasi moja ilichorwa ua tu, hakuna jina.

Nilipoandika hesabu hizo ubaoni palikuwa kimya, unasikia bati likilia kwa jua. Nikauliza kwa nini. Mmoja akasema: "Kule nje angeniona, halafu Jumamosi asingenipanga." Mwingine akasema rafiki yake alimvuta mkono na yeye akaenda tu. Nilidhani somo limeisha. Ndipo kijana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Mimi naona mstari ni bora. Mstari kila mtu anauona. Hilo boksi lako, mwalimu, umelihesabu wewe peke yako." Hapo ndipo walipobishana hasa, dakika arobaini, kengele ikalia hakuna aliyetoka. Niliwaambia kwamba hata wakubwa wamebishana hivyohivyo: Uganda ilichagua kwa kujipanga mstari mwaka 1989, na Kenya waliuita mlolongo katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU wa 1988, na ugomvi wake wanaukumbuka hadi leo. Sikuwaambia lipi ni jibu. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba kura ya boksi ihesabiwe mbele ya macho ya wote, na tukairudia kuihesabu.

Hiyo ndiyo siasa ninayotaka kufundisha. Nani anaamua, kwa kanuni gani, na anayepinga afanye nini. Chama changu nakiacha getini pamoja na pikipiki.

Wajerumani walilibishania jambo hili hadi mwaka 1976, katika mji mdogo wa Beutelsbach, wataalamu wa elimu ya siasa wa pande zilizokuwa zikigombana wakapatana juu ya mambo matatu. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo linalobishaniwa huko nje liletwe darasani likiwa linabishaniwa, lisinyooshwe. Na mwanafunzi asaidiwe kupima hali yake mwenyewe na maslahi yake. Nchi hiyo ilikuwa imetoka kwenye shule zilizofundisha watoto kumpigia saluti mtu mmoja. Walijua walichokuwa wakikimbia.

Nipeni maoni. Niendelee, au nizichome zile karatasi?

#2 · MamaWanne_Busia

Mwalimu, pole kwa yaliyokupata, na naona una nia njema. Lakini mimi ndiye yule mzazi anayepiga simu. Siyo huyo wa Arua, ila ningepiga.

Baba yangu alichukuliwa Kampala mwaka 1983. Nilikuwa darasa la pili. Ilikuwa ile panda gari, vijana wa sasa hawaijui. Askari wanazingira mtaa asubuhi, wanaume wote nje, panda gari, panda gari. Baba alikuwa amevaa viatu vya kazi na kaptura, alikuwa anapiga mswaki. Mswaki ulibaki juu ya jiwe. Hakurudi. Yeye hakuwa mwanasiasa, alikuwa fundi cherehani. Mama yetu alitulea kwa neno moja: msitaje siasa nje ya nyumba hii. Na tumeishi.

Nina watoto wanne, kitinda mimba yuko S.2. Nataka ajue hesabu na sayansi, aje kuwa nesi. Wewe ukimfundisha kuuliza maswali darasani, ataanza kuuliza na barabarani. Utakuwepo siku hiyo?

#3 · Nimemaliza_S4

Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza la mtaala mpya, lile lililoanza S.1 Februari 2020. Tulisoma wiki chache shule zikafungwa Machi kwa sababu ya korona, tukakaa nyumbani hadi Januari 2022. Tukafanya UCE, mtihani wa taifa wa S.4, mwaka 2024.

Nataka kusema jinsi tulivyofundishwa Elimu ya Siasa, kwa sababu si wote tulikuwa na mwalimu kama huyu. Sisi tuliandikiwa ubaoni. Mihimili ya serikali ni mitatu. Sifa za kiongozi bora ni kumi. Faida za vyama vingi ni nane, hasara zake nane. Tunanakili, tunakariri. Tulipofika habari za Uganda baada ya uhuru, mwalimu alifundisha vizuri sana 1962, akafundisha 1966 jinsi Mengo, ikulu ya Kabaka wa Buganda, ilivyoshambuliwa, 1967 falme zilivyofutwa, 1971 Amin alivyopindua. Tukafika 1979. Baada ya hapo akafunga kitabu akasema: "Sehemu hii mtaisoma wenyewe."

Sisi tumezaliwa baada ya 2005. Sehemu aliyoiruka ndiyo tunayoishi.

Na ajabu ni kwamba mtihani wenyewe hauulizi "taja". Unapewa kisa, mfano kijiji kimegombania kitu fulani, unaambiwa uandike ushauri kwa watu wale. Mtu aliyekariri faida nane anakaa pale anatafuna kalamu.

#4 · Mstaafu wa Bombo

Asalaam alaikum. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, nimestaafu sasa. Nimesoma nikakumbuka mengi.

Wengi humu hamkuona chaka-mchaka. Baada ya 1986 serikali mpya iliona kwamba Waganda wamegawanywa kwa dini na makabila, na hilo lilikuwa kweli kabisa, sisi wa Bombo tunalijua zaidi ya wengi. Wakaanzisha mafunzo ya siasa pamoja na ya kijeshi. Vijana waliomaliza S.6 walikwenda, watumishi wa serikali walikwenda, walimu tulikwenda. Alfajiri tunakimbia tukiimba kwa Kiswahili, mchana tunakaa chini ya mti tunafundishwa. Bunduki inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa. Kisha historia ya Uganda, makosa ya serikali zilizopita, uchumi wetu ulivyojengwa na wakoloni ili tulime pamba tusiyoivaa.

Nisiwe mchoyo wa haki. Nilijifunza. Kwa mara ya kwanza nilikaa mkeka mmoja na mtu wa Kigezi na mtu wa Karamoja tukala posho na maharage sufuria moja. Nilielewa kwa nini reli ilipita ilikopita. Kulikuwa na kipindi cha maswali pia. Mwenzetu mmoja aliuliza swali la kwanza, akajibiwa vizuri. Akauliza la pili, kwamba na makosa ya serikali hii tutayafundishwa lini. Mkufunzi hakumpiga, hakumtukana. Alimtazama tu, bunduki iko begani. Hakukuwa na swali la tatu.

Kwa hiyo mwalimu wa Arua, mtu akisema "elimu ya siasa" mbele ya watu wa umri wangu, hilo ndilo tunaloliona. Baadaye zikaja klabu za uzalendo mashuleni, tangu 2009, nazo zinasimamiwa kutoka ofisi ya Rais. Sina ugomvi na kupenda nchi. Lakini ukiuliza mzazi kwa nini anaogopa, usidhani ni ujinga. Amekwishaona somo hili likifundishwa na mwenye dola, na anajua maswali yanavyokwisha.

Ninachokuunga mkono ni lile boksi la sabuni. Mtoto alikwambia umelihesabu peke yako, ukarudia kuhesabu. Sikuwahi kuona mkufunzi akirudia kuhesabu.

#5 · Jirani_Mutukula

Shikamoo Mzee wa Bombo. Mimi niko upande wa Tanzania, lakini Mutukula ni mji mmoja tu wenye kamba katikati, naomba nichangie.

Sisi tulisoma somo lililoitwa Elimu ya Siasa, na lilikuwa na mtihani. Azimio la Arusha la 1967, Elimu ya Kujitegemea, Ukombozi wa Afrika, tulilala nalo tukaamka nalo. Chama kushika hatamu, tuliimba. Halafu 1992 ikaja, vyama vingi vikaruhusiwa, na baadaye somo likawa Uraia. Mwalimu wetu alikuwa yuleyule, chaki ileile. Muhula mmoja chama kimoja ndicho umoja wa taifa, muhula mwingine vyama vingi ndiyo demokrasia. Hakutueleza kwa nini. Nadhani naye hakuelezwa.

Lakini nitetee kidogo. Ile elimu ilitupa lugha. Mkulima wa kwetu asiye na cheti anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akasema "naomba mwongozo, mwenyekiti, hoja hii haijaungwa mkono" na watu wakatulia. Hilo halikuja lenyewe. Lilifundishwa. Ningependa Waganda mpate sehemu hiyo bila ile nyingine.

#6 · Mstaafu wa Bombo

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kuhusu lugha. Hapa kwetu Kiswahili chenyewe kilikuja na bunduki, ndiyo maana Baganda wengi walikikataa. Ni lugha ya "lete kitambulisho". Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri likapitisha Julai 2022 kiwe cha lazima msingi na sekondari. Kama watoto wetu watakisoma, basi wakisome pia katika kuuliza, si katika kuamrishwa tu.

#7 · Boda_Wandegeya

Mimi si msomi sana, nimeishia S.2 karo ikaisha. Niseme ninachokiona barabarani.

Mkubwa akipita kwenye ziara, watoto wa shule wanatolewa darasani saa nne asubuhi, wanasimama kando ya barabara na matawi ya miti. Saa nane ndiyo magari yanapita, mbio, vioo vimefungwa. Nimewahi kumbeba mtoto mmoja hadi kliniki, alizimia kwa jua, hajala. Walimu hao hao ndio wanasema siasa haifundishwi shuleni! Sasa ile ni nini?

Jambo la pili. Mwaka 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti imezimwa, nilisimamishwa na watu wenye silaha usiku. Nikaulizwa naenda wapi, nikasema nyumbani. Nikalazwa chini ya gari masaa mengi, sikuambiwa kosa, nikaachiwa asubuhi bila simu na bila elfu themanini yangu. Sikujua niseme nini. Sikujua kama ninaruhusiwa hata kuuliza. Ninajua taa nyekundu na taa ya kijani, ninajua kofia ngumu, kwa sababu hayo nilifundishwa nikiomba leseni. Haya mengine hakuna aliyenifundisha.

Mama wa Busia, samahani, nakuheshimu kama mama yangu. Ila kutojua hakukunisaidia usiku ule.

#8 · Chaki_Arua

Nashukuru sana wote. Mama wa Busia, swali lako limeninyima usingizi. Nitakuwepo siku hiyo? Hapana, mama, siwezi kukuahidi. Sitakudanganya.

Nikwambie yaliyonipata mimi darasani. Hapa West Nile, alikotoka Amin, kufundisha miaka ya utawala wake, 1971 hadi 1979, si sawa na kuifundisha Masaka au Gulu. Nilikuwa nimemaliza kipindi. Tulisoma habari za Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliyechukuliwa na askari katika jengo la Mahakama Kuu Septemba 1972, na za Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977, ambaye siku yake ya 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa. Watoto wakatoka. Kijana mmoja akabaki, akachukua kifutio akaanza kufuta ubao ingawa haikuwa zamu yake. Anafuta polepole, herufi moja moja. Kisha akasema bila kugeuka: "Mwalimu, babu yangu alikuwa askari wakati ule. Yeye ndiye amenilea. Ananichemshia uji mpaka leo. Nimwulize?"

Sikujua la kumjibu haraka. Nikamwambia akae. Nikamweleza kwamba 1979 serikali ile ilipoanguka, watu wa huku walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, wakiwemo wanawake na watoto ambao hawakuwahi kushika hata panga. Na kwamba Juni 1981 pale misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wetu, raia waliokimbilia kanisani kwa usalama waliuawa na wanajeshi wa serikali iliyofuata. Kumbukumbu yao iko palepale. Nikamwambia mambo haya mawili yote ni ya kweli, moja halifuti jingine, na babu yake ni mtu mmoja, si kipindi chote cha historia. Nikamwambia akitaka kumwuliza, aanze na swali dogo: "Babu, siku Arua ilipoanguka ulikuwa wapi?"

Alirudi baada ya wiki mbili na kurasa sita za daftari. Sizisemi humu, ni zake. Ila niliona mwandiko wa mwisho haukuwa wake. Babu mwenyewe alichukua kalamu.

Mama, mimi naamini nyumba nyingi za Uganda zina mswaki juu ya jiwe. Huku unao, Luwero unao, Acholi unao, Teso unao. Kila nyumba imefunga mlango ikidhani ni yake peke yake. Watoto wanakutana darasani, kila mmoja amebeba nusu ya habari na hasira nzima. Mimi sitaki kumfundisha mtoto wako kuandamana. Nataka akikaa na yule kijana wa Arua dawati moja, kila mmoja ajue kwamba mwenzake naye alifiwa. Hilo ni somo la siasa, na sidhani kuna redio italifundisha.

Mdogo wangu wa S.4, nimesikia. Ile sehemu "mtaisoma wenyewe" mimi mwenyewe niliwahi kuisema, mwaka wangu wa kwanza kazini. Niliogopa. Mwalimu wa serikali anajua uhamisho unavyokuja. Naomba radhi kwa wale niliowaruka.

#9 · Wakili_Mbale

Nimechelewa kuingia. Niongeze kitu kimoja kwa mwalimu anayetaka kufundisha mambo ya karibu bila kuonekana amechukua upande.

Tumieni hukumu za mahakama. Chukua suala la ukomo wa umri wa Rais. Desemba 2017 Bunge liliondoa kwenye Ibara ya 102 sharti la miaka 35 hadi 75. Kila mtu anakumbuka viti vilivyoruka bungeni Septemba ile na vitambaa vyekundu vya "togikwatako", yaani usiiguse. Ukianza hapo, darasa litagawanyika kwa rangi za fulana. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Katiba ilisikilizwa hapa Mbale, na hukumu ikatolewa hapahapa tarehe 26 Julai 2018. Majaji wanne walisema kuondoa ukomo wa umri ni halali, mmoja akapinga. Mahakama hiyohiyo ikabatilisha kipengele ambacho wabunge walijiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikagawanyika wanne kwa watatu.

Angalieni utamu wake kwa mwalimu. Una watu wenye elimu moja, Katiba moja mezani, wametofautiana, na kila mmoja ameandika sababu zake. Mpe mwanafunzi kurasa mbili za jaji aliyekubali na mbili za aliyepinga, mwambie: nani ameisoma Ibara vizuri zaidi, onyesha mstari. Mzazi akipiga simu, mwambie watoto wanasoma hukumu. Hakuna chama kwenye karatasi ile.

Na zile karatasi hamsini na nane, Mwalimu, zisahihishe. Ukiitwa tena nenda na nakala ya Ibara ya 4, ya kwako moja na ya mkuu wa shule moja. Huenda hajawahi kuisoma. Wengi hawajaisoma, hata wenzangu wa ofisini.

#10 · Boda_Wandegeya

Wakili, sasa usiku ule wangu, kulikuwa na sheria?

#11 · MamaWanne_Busia

Nimenyamaza siku nne nikisoma. Nimesoma ya yule kijana na babu yake mara mbili.

Jana usiku umeme ulikatika, tumekaa na binti yangu wa S.2 jikoni. Nikamwambia habari za babu yake. Sijawahi kuzisema, hata kaka zake wakubwa hawajui ile ya mswaki. Hakulia. Aliniuliza kwa nini hatukwenda polisi kumwulizia. Nikamwambia mama yangu alikwenda mara tatu, mara ya tatu wakamwambia asirudi. Akakaa kidogo, kisha akaniuliza hilohilo la ndugu wa bodaboda: "Mama, kulikuwa na sheria inayowaruhusu kumchukua mtu hivyo?"

Sikuwa na jibu. Wakili, naomba nisaidie, niandikie kwa lugha ya mtoto, kesho anataka kumpelekea mwalimu wake.

#12 · Wakili_Mbale

Mama, pole sana kwa mzee. Ndugu wa Wandegeya, hili ni lako pia.

Mwambie binti hivi. Wakati ule kulikuwa na sheria ya mwaka 1967 iliyoiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kesi. Lakini hata sheria hiyo ilikuwa na taratibu zake, na kumzoa mtu mtaani na mswaki mdomoni, kisha familia isiambiwe alipo, haikuwa mojawapo.

Sasa afungue Katiba ya 1995, Ibara ya 23. Aya ya 3 inasema anayekamatwa aambiwe papo hapo sababu za kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Aya ya 4, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 48. Aya ya 5, akiomba, ndugu zake wa karibu waarifiwe mapema, nao waruhusiwe kumwona, pamoja na wakili wake na daktari wake.

Walioiandika walikuwa wamezunguka nchi nzima wakisikiliza watu kama mama yako.

#13 · MamaWanne_Busia

Ameinakili yote kwenye daftari la Historia, aya ya 5 ameipigia mstari. Ameniuliza jina kamili la babu yake linavyoandikwa. Nimemtajia herufi kwa herufi.